Naomba Ngozi ya Shilingi Zangu Zilizokufa

Aron Kipkurui,
Kimulot, Konoin.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Kwa Katibu wa Baraza la Wadhamini,
Mfuko wa Pensheni wa Jioni Njema,
Nairobi.

Ndugu Katibu,

KUH: NGOZI YA SHILINGI 63,300, NA MAMBO MENGINE YA MIFUGO YANGU ILIYO KWENU

Nakusalimu wewe na wadhamini wenzako, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta mkiwa wazima na mkiwa mmeketi, maana si ya kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni mwanachama wenu, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani ya chai. Mkulima analeta gunia, mimi nalitundika, nasoma, naandika, natoa kilo moja kwa ajili ya gunia, na nyingine ikiwa majani yana umande. Kwetu majani yana umande karibu kila siku. Mwezi wa sita kiwanda kikaleta mizani mpya, inayopima na kuandika yenyewe, kisha ikatuma uzito kwenye simu ya mkulima kabla hajakunja gunia lake. Wakulima waliimba. Mimi nilipewa bahasha.

Ndani ya bahasha ile ndimo ilimokuwa fomu yenu. Inasema kwamba kwa kuwa nimetoka kazini kabla ya wakati, inafaa niangalie upya jinsi akiba yangu ilivyogawanywa, kisha nichague, kabla ya tarehe 31 mwezi huu, kati ya Mfuko wa Tahadhari, Mfuko wa Wastani na Mfuko wa Ukuaji. Nisipochagua, mtanichagulia. Nimeisoma fomu hiyo mara nne. Mke wangu Rodah aliisoma mara moja akaielewa, lakini hiyo ni tabia yake.

Kwanza niwaambie kwamba jambo hili si geni kwetu. Sisi Wakipsigis tunaliita kimanagan, nalo lilikuwepo kabla ya mzazi wa yeyote kati yenu kuona kompyuta. Mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote katika boma moja. Huyu anampeleka kwa rafiki aliye mbali, yule kwa rafiki mwingine, ili ugonjwa ukiingia huku, wa kule wapone. Yule anayekufugia anakunywa maziwa na mbolea ni yake. Ndama ni wako. Una haki ya kwenda kumtazama ng'ombe wako siku yoyote, na akifa, mfugaji anakuletea ngozi yake. Unaikunjua, unaona alama yako, mnasikitika pamoja, mambo yanaisha.

Wala sisemi haya kama mtu aliyeyasikia tu. Mwaka 2013 rafiki yangu Chepyegon, wa kule Siongiroi ambako jua halina huruma, alinikabidhi ng'ombe wake aitwaye Nyota kwa sababu ya alama nyeupe usoni. Tangu siku hiyo Chepyegon hajanilaumu hata mara moja. Rodah amesoma sentensi hii akiwa nyuma ya bega langu, akakohoa. Ni baridi ya Kimulot.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Ngozi. Mwaka jana mliniandikia kwamba nina shilingi 1,214,600. Mwaka huu mnaniandikia kwamba nina shilingi 1,151,300. Kwa hiyo shilingi 63,300 zimekufa mkiwa nazo. Sijakasirika kwamba zimekufa. Kila chenye uhai hufa. Nauliza tu ngozi iko wapi. Badala ya ngozi mmeniletea sentensi moja chini ya karatasi, kwa maandishi madogo kama mayai ya kupe, isemayo kwamba thamani ya uwekezaji inaweza kupanda au kushuka, na kwamba matokeo ya nyuma si dhamana ya matokeo ya mbele. Ndugu Katibu, huku kwetu mfugaji akija mikono mitupu na maneno ya namna hiyo, hapewi hata kiti. Sentensi hiyo ni ya mtu aliyekwisha kula nyama.

2. Kutembelea. Mwezi wa nane, mimi na Rodah tulifunga safari hadi Nairobi kutazama akiba yetu. Nilidhani nina haki hiyo, hasa nikikumbuka kwamba Machi 2021, baada ya Bi. Jerusa Mongina wa ofisi yenu kuja kiwandani kutufundisha kwamba pesa iliyolala nyumbani huliwa na nyumba, niliongeza kwa hiari yangu shilingi 130,000 kwa mkupuo mmoja, hata akanipa mwavuli mbele ya watu. Bi. Mongina alitupokea vizuri. Alitupa maji, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta duara lenye rangi nne, yaani mikopo ya serikali, hisa, majengo na ng'ambo, akasema hiyo ndiyo akiba yenyewe. Nilimwomba atoe duara nione kilicho nyuma yake. Alisema nyuma yake kuna duara lingine.

Mwishowe alikubali kututajia jengo moja lililonunuliwa kwa pesa za wanachama. Tulilifuata kwa miguu. Ni jengo la ghorofa kumi na moja, lenye afya. Nilimweleza askari wa geti kwamba asilimia kumi ya akiba yangu imo humo ndani. Akaniuliza nina miadi na nani. Nikamjibu, na asilimia kumi. Alikataa kufungua. Nilimwomba nishike ukuta tu, kwa dakika moja, akakataa hata hilo, ila alinivumilia nishike geti. Nilisimama pale nikalikagua jengo langu kutoka nje kama nikaguavyo ng'ombe: juu, ubavuni, miguuni. Ghorofa ya saba ina dirisha lililovunjika na kuzibwa kwa karatasi. Hamkuwahi kuniarifu kuhusu jicho hilo.

3. Ng'ombe wa ng'ambo. Duara lenu linaonyesha kwamba asilimia tano ya akiba yangu iko nje ya nchi. Nataka kujua analala kwa nani, nao wanamwita kwa lugha gani. Bi. Mongina aliniambia kwamba yuko katika masoko mengi kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwa na fahali wa namna hiyo. Tulimuuza.

4. Maswali. Ili mnijue mimi ni mtu wa mfuko gani, fomu yenu inauliza nitafanya nini akiba yangu ikishuka kwa asilimia ishirini: nitauza yote, nitangoja, au nitanunua zaidi. Hakuna nafasi ya mtu atakayechukua fimbo yake na kuja huko. Nimeongeza kisanduku cha nne kwa kalamu na kukiweka alama. Rodah alisema jibu letu ni la pili, nikamuuliza anajuaje. Alisema kwa sababu ndilo tunalofanya kila mwaka bonasi ya chai ikiwa ndogo. Hilo lilinichoma kidogo, lakini sikulibadilisha kisanduku changu.

Swali la tisa linauliza natarajia kuishi miaka mingapi zaidi. Babangu alifariki akiwa na miaka tisini na mmoja. Babu yangu aliondoka akiwa na thelathini na nne kwa sababu ya nyuki. Nimejumlisha miaka yao na kugawa kwa mbili, nikapata sitini na mbili na nusu. Tafadhali andikeni hivyo, lakini mniruhusu kubadilisha nikikaribia.

5. Maziwa. Mnanikata asilimia moja na nusu kila mwaka, mkiita ada ya usimamizi. Sina ugomvi, mfugaji ana haki ya kunywa. Lakini mwaka ambao ng'ombe amekonda, hata mfugaji hupunguza kikombe. Nyinyi mlikunywa kikombe kilekile, mkafuta midomo, mkanitumia kalenda.

Hapa niseme jambo moja bila mzaha. Naogopa. Nina nusu ekari ya chai na ng'ombe mmoja wa maziwa, na binti yetu Eddah bado yuko chuoni. Nikifika sitini, hakuna mtu atakayenipa mizani ya kushika. Hicho kilicho kwenu ndicho kundi langu lote, na sijui hata kina rangi gani, isipokuwa zile nne za duara. Usiku wa kuamkia jana niliiweka fomu juu ya meza nikaitazama mpaka chai ikapoa, sikujua mkono uende wapi. Mtu akichagua vibaya akiwa na miaka ishirini na tano, ana wakati wa kuzaliwa tena. Mimi nina miaka kumi na mitatu na nusu, kwa hesabu ya swali la tisa.

6. Alama. Kwa kuwa shilingi zangu zinalishwa pamoja na za watu elfu arobaini, hakuna ajuaye zilizokufa zilikuwa za nani. Huenda zangu zote ziko hai na zilizokufa ni za mtu wa Chepseon. Kwa hiyo naomba kila noti yangu ikatwe kidogo kwenye kona ya kushoto, kisha itobolewe tundu moja juu, kama ukoo wetu unavyowatia ng'ombe alama masikioni. Nimeambatanisha mchoro. Benki Kuu ikilalamika, waambieni waje Kimulot tuzungumze.

Kwa sababu hizo zote, Ndugu Katibu, sitachagua Tahadhari, wala Wastani, wala Ukuaji. Nachagua kimanagan. Mimi nitaigawa akiba yangu kwa wadhamini wenyewe, mmoja mmoja, kila mmoja aipeleke nyumbani kwake, ailaze ndani ya boma lake na kuniandikia jinsi ilivyoamka. Nitawazungukia mara mbili kwa mwaka, bila taarifa, nikiwa na Rodah na fimbo. Jioni moja kila Desemba, pesa zote zipitishwe kwenye geti moja huku nikihesabu. Na yeyote ambaye sehemu yake itapungua, aje mwenyewe mlangoni kwangu, mchana, akiwa na ngozi mkononi, aniangalie machoni aniambie ilikufaje. Nadhani si kitu kikubwa kumwomba mtu aliyeaminiwa.

Rodah amemaliza kusoma. Amesema neno moja tu: "Baba Eddah, hiyo namba moja toa." Sitoi. Namba moja ndiyo nguzo ya barua hii.

Nisalimie wadhamini wote na watu wa nyumba zao, Bi. Mongina na maji yake, askari wa geti ambaye najua anatii tu alichoagizwa, na yeyote yule anayemchunga wangu wa ng'ambo. Waambieni sisi huku tuko salama, mvua inanyesha, chai inachipua.

Mwenye mali, aliye mbali nayo,

Aron Kipkurui
Mwanachama, na aliyekuwa karani wa mizani

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Rodah aliponiletea simu. Alikuwa Chepyegon wa Siongiroi. Mtoto wake amepata nafasi ya chuo na karo inahitajika wiki ijayo. Ilikuwa simu fupi. Alisema: "Rafiki yangu, Jumamosi nakuja kuchukua ng'ombe yangu na watoto wake."

Ndugu Katibu, inanibidi kuwaeleza jambo. Nyota na ndama wake wawili hawako hapa. Niliwauza soko la Chepseon mwezi Machi 2021, wiki ile ya mafunzo ya Bi. Mongina, wakaleta shilingi 130,000. Sikumwibia mtu. Nilimhamisha tu Nyota kwa mfugaji mwingine, kwa sababu niliambiwa kwenu anazaa haraka zaidi, na nilikuwa nimekusudia kumwambia Chepyegon mara tu akizaa. Nyota yuko kwenu. Amekuwa kwenu miaka minne na nusu.

Kwa hiyo lalamiko namba moja nimeliondoa. Tafadhali msitume ngozi yoyote kwa anwani hii. Badala yake naomba, kwa haraka, nakala ya ile sentensi yenu ya maandishi madogo, lakini kwa herufi kubwa, yenye muhuri, na palipoandikwa "uwekezaji" muweke "ng'ombe". Nimeisoma tena na kuona kwamba ni sentensi ya busara sana.

Pia mniambie leo hii kama Nyota yuko kwenye serikali, kwenye hisa, kwenye jengo au ng'ambo. Akiwa kwenye jengo, mwambieni askari atufungulie geti; tutakuwa watu wawili. Keshokutwa ndiyo Jumamosi, na Chepyegon amesema anakuja na kamba.