Nilivyomtetea Namba Nne

Jamani, leo nimeadhirika. Na sikuadhirishwa na mtu. Nimeadhirishwa na daftari langu mwenyewe, lenye mwandiko wangu mwenyewe, nililolisoma kwa sauti yangu mwenyewe.

Mnalijua kundi letu la mashabiki wa Kolekole, timu ya mtaa wetu hapa mjini Mocímboa. Wiki nzima simu zinawaka kwa swali moja: msimu huu mpya, mchezaji gani tunamdharau bure? Kila mtu na wake. Mama Zaituni, mkuu wa mashabiki, mpiga ngoma na mfuaji wa jezi za timu, yeye na Momade, mshambuliaji, ambaye kwa maoni yangu hajadharauliwa na mtu tangu azaliwe. Mimi na namba nne.

Namba nne ni kiungo mkabaji. Msimu uliopita nilimfuatilia mechi zote. Nakaa ukutani kwa shule, mbali kidogo, upande wenye kivuli. Akinyang'anya mpira, naweka alama daftarini. Akitoa pasi ya maana, alama nyingine. Siku aking'ara, namchorea nyota. (Ndiyo, nimesoma chuo kikuu. Ndiyo, haya ndiyo matumizi yake.) Siku moja nilimuuliza aliyekaa karibu yangu, "Yule namba nne nani?" Akatazama, akasema, "Salimo." Nikaandika kwenye jalada kwa herufi kubwa: SALIMO.

Leo mista Bacar, kocha wetu, alikuwa anafunga lista, orodha ya wachezaji wa msimu. Majina ishirini, karatasi ifike wilayani kabla ya adhuhuri. Asiyekuwemo ni mtazamaji mpaka mwakani. Asubuhi Mama Zaituni akanitumia sauti:

"Baba Anifa, maneno ya kwenye simu hata kasuku anayo! Imebaki nafasi moja. Njoo uwanjani umtetee huyo mtu wako mbele ya mista!"

Nikaenda. Nilivaa shati la kupigia picha.

Wachezaji wamekaa majanini, mashabiki wamewazunguka. Pembeni, karibu na goli, Anli amekaa juu ya pikipiki yake, kofia ya chuma mapajani. Anli anapakia abiria kati ya hapa na Awasse. Mista alishamkata kwenye lista kwa kalamu tangu juzi: mchelewaji. Amekuja, alisema, asikie hukumu kwa masikio yake, maana kuambiwa na watu barabarani kunauma zaidi. Msimu uliopita ndio wa kwanza kucheza tangu turudi mjini baada ya vita, na aliuchukulia kama pumzi. Nikamsalimia kwa huruma. (Maskini, niliwaza. Mtu mzuri, ila hana nidhamu ya Salimo.)

Mista akasema, "Haya, Profesa. Imebaki moja. Sema."

Nikasema! Nilifungua daftari. Niliwapa mechi ya Awasse, jinsi namba nne alivyowazimia taa katikati ya uwanja. Niliwapa mechi ya watu wa Rongui, ule mguu wa kushoto. Niliwaeleza kifua chake kipana, kama mlango wa ghala. Nikawakaripia kidogo. Nikawaambia mji unaosimama upya hauna haki ya kuwatupa watu wake wa kazi kwa kuwa hawapigi kelele. Watu wakaitikia, "Kweli!" Bibi mmoja akafuta jicho. Nikaona wakati umefika.

"Salimo!" nikaita. "Simama, watu wakuone!"

Vichwa vikageuka.

Nyuma kabisa akasimama mtu mwembamba kama ufagio. Mkononi ana pampu ya mpira.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe nani?" nikauliza.

"Salimo."

(Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ana mgonjwa nyumbani.)

"Wewe si namba nne?"

"Mimi najaza mipira upepo, Baba Anifa. Nilicheza mara moja, walikuwa wamepungua. Nikatolewa kabla ya mapumziko. Na huu mguu wa kushoto siwezi hata kupigia teke kuku."

Wakacheka. Si kicheko cha kawaida. Momade alilala chali. Mama Zaituni alipiga ngoma yake mara tatu, akatoa kigelegele kirefu kama cha harusi, akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Baba wee! Kwani hujui jezi zinavyogawiwa? Mimi nakuja na mfuko. Anayefika kwanza anachagua. Ile ya nne niliifua kwa maji ya moto, ikarudi. Inabana kama ganda la muhogo, hakuna anayeitaka. Anaivaa aliyefika mwisho!"

"Na kile kifua kipana?"

"Hata wewe ukiivaa utakuwa na kifua kipana!"

Kwa hiyo ndugu zangu, msimu mzima nilikuwa nimemwekea alama mtu ambaye hayupo. Miwani ya mbali ninayo, iko nyumbani kabatini, kwa sababu nilidhani inanizeesha. Nikafunga daftari. Nikaanza kuondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Profesa, ngoja," akasema mista. Yeye hakuwa anacheka. "Lete hilo daftari."

Akatoa lake mfukoni. Mista ana daftari la wachelewaji: tarehe, mechi, jina la aliyekuja mwisho. Akaliweka magotini kando ya langu. Lake la dhambi, langu la thawabu.

"Mechi ya Awasse umeandika nini?"

"Nyota mbili."

Akapitisha kidole kwenye lake. "Aliyekuja mwisho, Anli."

Kicheko kikapungua.

"Rongui?"

"Nyota. Na mstari chini yake."

"Anli."

"Ile ya watu wa Nhica?"

"Hapo..." nikasita. "Hapo niliandika, 'Leo amelala kabisa, pengine ni mbinu.'"

"Hiyo ni ya Salimo."

Wakaangua kicheko tena, na Salimo kuliko wote. Lakini mista aliendelea kufunua. Nyota, Anli. Nyota, Anli. Pasi tatu za hatari, Anli. Mama Zaituni alikuwa ameinama juu ya bega langu, ngoma chini ya kwapa, anasoma mstari kwa mstari. 

Mista akafunga madaftari yote mawili.

"Nilihesabu anavyochelewa," akasema. "Sikuhesabu anachofanya akishafika. Anli! Njoo."

Anli akaja, kofia mkononi.

"Siku ya mechi utakwenda Awasse?"

"Mista, siku ya mechi hata mama mkwe wangu simpakii."

Mista akachukua kalamu. Pembeni ya jina alilolikata, akaliandika upya, kubwa kuliko yote ya juu yake. Basi hapo uwanja ukalipuka! Mama Zaituni akaipiga ngoma mpaka nikaionea huruma ngozi yake. Watu wakanibeba. (Waliniangusha pia, ila kwa heshima.)

Kisha mtu akatazama simu. Adhuhuri imekaribia, na karatasi bado iko uwanjani!

"Nani ana usafiri?" akaita mista.

Wote tukamtazama mtu mmoja.

Ndivyo Anli alivyolipeleka jina lake mwenyewe wilayani, karatasi ndani ya shati, vumbi nyuma yake, na sisi tumesimama tukimwombea dua asifanye kama kawaida yake. Hakuna aliyeketi. Momade alikuwa anang'ata jezi.

Simu zikalia kwa pamoja. Ilikuwa picha ya karatasi yenye muhuri, na chini yake Anli ameandika: "Nimefika. Kulikuwa hakuna mtu, nimekuwa wa kwanza."

Mama Zaituni ameshatangaza kwenye kundi: "Baba Anifa ana jicho la mpira. Jicho la watu ndilo hana." Tangu adhuhuri watu wananiita Salimo. Mke wangu pia. Muuza samaki amenipungia kwa mguu wa kushoto.

Chekeni tu. Anli yumo.