Mota Isiyosikika

Jumatatu, 9 Oktoba 2006

Siku mbaya. Umeme wa mgao umerudi jioni, na umerudi kwa hasira. Mota ya bwawa la kuogelea imenguruma, imetetemeka, kimya. Nimeipiga teke. Imebaki vilevile. Kidole changu cha mguu ndicho kilichobadilika.

Mama Jyotsna, mwenye hoteli, amepiga simu kutoka Nairobi. Anarudi Ijumaa na wakwe watarajiwa wa binti yake Rinkal. Watakaa hapa mpaka sikukuu ya Diwali ipite. Wana watoto wanaopenda maji. Bwawa liwe safi, anataka kuona vigae vya chini. Halafu akasema jambo lililonikata hamu ya futari. Amechoka na hoteli yenye wakubwa wawili, yaani mimi niliyeajiriwa kuisimamia, na mpwa wake Kalpesh anayejisimamisha tu. Atakayempatia mota inayofaa na maji masafi, huyo ndiye meneja. Mwingine atafute pa kwenda.

Pa kwenda! Kalpesh ana nyumba ya baba yake Upanga. Mimi na mke wangu Najma tunaishi humu humu hotelini, chumba cha nyuma ya jiko. Tumemlea binti yetu Tatu humo mpaka kaolewa. Nikipoteza kazi, nimepoteza na kitanda. Naogopa, na naandika hivyo waziwazi kwa sababu hakuna anayesoma.

Lakini akili ninayo. Kariakoo hakuna anayenunua spea kwa maneno. Unabeba kile kibovu, unakiweka juu ya kaunta, unasema nataka kama hiki. Bila sampo hurudi na kitu. Kwa hiyo nimemwita fundi Mwinyimvua, ameifungua mota iliyokufa, nami nimeificha chini ya kitanda. Kalpesh aende Kariakoo na mikono mitupu!

Najma kauliza lile lichuma la nini. Nimemwambia ni maisha yetu. Kasema basi maisha yetu yanachafua mkeka wake kwa grisi.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimebeba mota begani kutoka Mchafukoge hadi Kariakoo. Kwenye jua. Na funga juu. Duka la kwanza wamenipa mota ya mashine ya kusaga unga na kuniapia kwamba maji na unga ni mamoja. Duka la pili, shafti nene kama mkono wangu. La tatu wakaniuliza kama nauza ya kwangu kwa kilo.

Mtaa wa Swahili nimempata Zamda, mwenye duka la pampu, mwanamke wa maneno mengi. Ameniamkia vizuri, kisha akaanza kunihoji. Bwawa lina ukubwa gani? Chujio la mchanga ni la zamani kiasi gani? Jenereta je? Nimejibu "kubwa" kwa yote matatu.

Akanitolea mota yenye kisanduku cha vitufe mgongoni. Mota ya kubadili spidi! Kasema ile ya kawaida ina mwendo mmoja, na inapowaka inavuta umeme wa ghafla ambao jenereta ndogo haiuwezi. Hii inaanza taratibu. Unaiacha izunguke polepole mchana kutwa, inakula umeme kidogo mno, na maji yanachujwa hata mgao ukiwepo. Moyo wangu uliruka. Kalpesh hawezi kujua kitu kama hiki.

Zilikuwepo mbili. Moja ya nguvu ya farasi mmoja na nusu, sawa na ya zamani. Nyingine farasi watatu. Matundu ya bolti sawa, shafti sawa. Zamda kasema anko, chukua ndogo, chujio lenu limezeeka. Nikamuuliza kama mimi nina sura ya mtu wa farasi mmoja na nusu. Akaniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nimechukua ya watatu, imeandikwa kwenye hesabu ya Mama. Zamda kaniapisha kwamba nitaiendesha spidi ndogo tu. Nimeahidi upesi, bega lilikuwa linauma.

Nimerudi nikipiga mluzi. Nikafungua kibanda cha pampu. Kichwa cha pampu hakipo! Chuma chote kinachoshika mota na kusukuma maji, kimeng'olewa na bolti zake! Mlinzi Anselmi kasema asubuhi niliacha mlango bila kufuli, Kalpesh akatoka nacho kwenye gunia, akaenda Kariakoo. Kama sampo.

Kumbe na yeye anaijua Kariakoo. Maji yameanza kuwa ya kijani.

Jumatano, 11 Oktoba

Kalpesh amenunua mota yake. Spidi moja, kelele nyingi, amenionyesha picha yake kwenye simu. Mimi nina mota bila kichwa. Yeye ana mota na kichwa, ila kichwa amekifungia kwenye gari, na ufunguo wa kibanda ninao mimi. Hatoi. Sitoi. Tumekaa pembeni ya bwawa kwenye viti vya plastiki, tunaangaliana. Maji yakazidi kuwa kijani mbele ya macho yetu. Mgeni mmoja kashuka na taulo, akatazama, akauliza kwa upole kama tunafuga samaki. Chura kajibu.

Mwinyimvua kasema pampu ya nusu nusu haijui, ila nauli anaijua.

Hapo Najma akatoka jikoni na mwiko. Kasema wanaume wazima wawili wanagombea kichwa cha pampu na wageni wako njiani. Akamgeukia Kalpesh, "Mwanangu, leta hicho kichwa." Akanigeukia mimi, "Baba Tatu, ufunguo." Akaamua mota ya Kalpesh ijaribiwe kwanza, na ikishindwa ndipo ije yangu. Nimepinga. Kaniuliza nani kaniomba maoni.

Nimesimama nikiangalia fundi anafunga mota ya adui yangu. Ikiwaka, sisi tumekwisha, na Najma ndiye aliyenipangia foleni.

Imewashwa kwa jenereta, maana umeme haukuwepo. Jenereta ikakohoa. Taa zote za hoteli zikazima, feni zikasimama, na kutoka ghorofa ya pili mtu mwenye sabuni machoni akatoa matusi ya lugha mbili. Wakajaribu tena. Ikakohoa tena, hoteli ikazima tena, matusi yakaongezeka lugha. Kalpesh akasema tusubiri umeme wa kawaida. Mwinyimvua akamwambia umeme wa kawaida siku hizi unakuja kulala tu, bwawa hilo linataka kuchujwa mchana na usiku.

Nilitaka kucheka. Sikuweza. Kesho ni Alhamisi, na chura ameleta mwenzake.

Alhamisi, 12 Oktoba

Imefungwa! Imewaka! Jenereta haikushtuka hata kidogo. Spidi ndogo, mshale wa kipimo cha chujio umetulia, dawa ya maji imemwagwa, maji yanazunguka. Mwinyimvua anasema aliijua mota ya aina hii tangu zamani. Jana aliiita redio.

Tatizo ni moja. Haisikiki. Lazima uinamishe sikio, na hapo unasikia kama mtu anapumua chumba cha pili. Mjini hapa kila mwenye umeme anautangaza kwa ngurumo, jirani mwenye jenereta kubwa ndiye anayeamkiwa kwanza, na mimi mota yangu imenyamaza kama imefiwa. Anselmi amenipa pole. Muuza madafu wa nje ya geti amenipa pole. Kalpesh hakunipa pole, amempigia shangazi yake Nairobi.

Mama Jyotsna kanipigia saa hiyo hiyo. Nimsikilizishe mota. Nimeingia kibandani, nimeshusha simu mpaka chini. Kasema hasikii kitu. Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Kasema, "Bushiri, mimi nimezaliwa dukani. Mashine inayofanya kazi inasikika." Akaongeza kwamba kama namdanganya, nianze kufunga mizigo leo.

Nikaona godoro letu barabarani, na Najma juu yake na mwiko. Nikabonyeza kitufe cha kupandisha. Ikaanza kuimba. Nikabonyeza tena. Ikanguruma! Bati la kibanda likatikisika! Mama kasema, eeh, sasa naisikia. Akakata simu.

Nimeishusha, maana chujio lilianza kupiga mluzi, na mshale wake ulifika mahali penye rangi nyekundu. Najma aliyaona yote kutoka dirishani. Kasema maji yanatakata, nisiguse tena vile vitufe, kwa jina la Mola. Jioni nimeona vigae vya upande wa kina kifupi. Nimekula futari mara mbili.

Ijumaa, 13 Oktoba

Lazima niandike kwa utaratibu.

Asubuhi maji yalikuwa masafi kabisa. Niliona kila kigae, na kibanio cha nywele cha mtu. Vyura wamehama wenyewe. Kalpesh alikuja, akatazama muda mrefu, akanipa mkono. Kasema kaka Bushiri, umeshinda. Nilitaka kumkumbatia. Chumba chetu kimepona, nikafikiri. Najma atalala kwake.

Kisha gari likapiga honi getini, na mimi nikafikiri zaidi. Mama ataingia. Ataona maji masafi. Hatasikia kitu. Atasema maji yamejisafisha yenyewe, au dawa ndiyo iliyosafisha, na dawa aliinunua Kalpesh! Hayo maneno ya Kalpesh na mkono wake, mtego mtupu!

Nikakimbilia kibandani. Najma alipiga kelele dirishani, nikajifanya sisikii. Nikabonyeza mpaka kitufe kikagoma kwenda juu zaidi.

Farasi watatu! Kwa muda mfupi ilikuwa fahari tupu. Mama Jyotsna aliingia uani na wakwe nyuma yake, akageuza uso, akatabasamu. Aliisikia. Naapa alitabasamu.

Halafu mfuniko wa chujio ukaruka.

Mchanga uliingia bwawani kama uji. Maji machafu yalikwenda juu, yakafikiri, yakashuka juu ya sari ya Mama na miwani ya mkwe. Watoto wakashangilia, wakaomba irudiwe. Kalpesh akanivamia kwamba nimeua bwawa, nami nikamvamia kwamba kichwa cha pampu alikilegeza yeye kwenye gunia, na tukawa tunasukumana mlangoni mwa kibanda huku mvua ya mchanga inatunyeshea. Najma akapita katikati yetu, akazima swichi kuu. Akampa Mama kanga kavu. Akawapeleka wageni vyumbani, vyumba alivyokuwa ameviandaa tangu juzi sisi tukilinda viti vya plastiki. Nyuma yake alituachia fagio mbili.

Mama alikaa na Najma jikoni mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilifuturu uani kwa tende moja, nikasubiri kuambiwa nifunge mizigo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Meneja ni Najma.

Kalpesh amerudishwa dukani kwa baba yake. Chumba tunacho, maana ni chumba cha meneja. Niliposikia hilo nilikwenda bafuni nikalia kidogo, kwa nafuu tu, kisha nikalia tena kwa sababu nyingine.

Chujio jipya limenunuliwa na kufungwa leo leo. Najma kaamuru mota iende spidi ndogo, na mtu yeyote asiguse vitufe, hasa mimi. Kalisema hilo mbele ya fundi. Kaniita Bushiri! Tangu tuoane hajawahi. Kazi yangu mpya ni kuokota majani majini kwa wavu.

Nimeokota majani, nimetafakari. Nimeliona kosa. Spidi haikuwa kosa. Kosa ni ule ukimya. Kama mota ingesikika tangu Alhamisi, Mama asingekuwa na shaka, nami nisingepandisha kitu, na leo meneja angekuwa mwingine. Dawa yake ni rahisi kabisa. Nimekata kipande cha bati, nimekipenyeza kwenye feni ndogo ya nyuma inayoipooza mota, kinagongwa ikizunguka. Ngurumo mpaka getini! Na spidi ni ile ile ndogo aliyoamuru meneja. Vitufe sijavigusa hata kimoja.

Kesho Mama akipita atasikia mwenyewe nani anafanya kazi hapa. Kibandani kuna harufu kidogo. Ya upya, nadhani.