Keki ya Brandi na Ahadi Niliyompa Wayua

Kwa Bwana Meneja Ndegwa,
Shamba la Kahawa la Githima,
Ruiru.

Mheshimiwa,

YAH: KULEWESHWA NA MWAJIRI

Mimi ni karani wako wa stoo, yule anayebisha mlango wako kisha akaondoka kabla hujajibu. Nakuandikia kwa sababu nikija mwenyewe nitasema nimekuja kuangalia taa.

Kanuni ya Tisa ya shamba, iliyoachwa na Wazungu waliolianzisha, yakataza mfanyakazi kugusa “ardent spirits”. Kamusi yasema ni pombe zilizokenekwa motoni: brandi, wiski, na kwa hakika chang'aa. Bia haimo, ndiyo maana wenzangu huishika kanuni hiyo kila Jumamosi mjini Thika. Mimi hata bia sinywi. Hunywa soda, tena nusu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye sherehe ya kufunga msimu ulisimama ukatangaza kwamba keki ya Mama, mkeo, imelala ndani ya brandi mwezi mzima. Wakati huo nilikuwa nimeshameza vipande viwili. Kwa adabu, nikala cha tatu.

2. Brandi ilinipanda papo hapo. Ulipoanza kusimulia jinsi ulivyomfukuza mamba kwenye Mto Chania, nilisema kwa sauti kwamba mwaka jana alikuwa kenge. Wakurugenzi walicheka. Mtu mwenye akili timamu na mkataba wa muda hawezi kusema hivyo.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Nilitoka nje nikamfuata Wayua wa mizani, ambaye tangu niajiriwe sijamwambia lolote ila uzito wa magunia. Nikamwambia nampenda na kwamba Jumamosi hii nitapeleka kwao mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hana mke. Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa, akasema, “Eddie, leo umeongea kama mtu. Basi walete.”

Mama yangu alisikia habari hizo kabla sijafika nyumbani. Mbuzi wameshafungwa nyuma ya jikoni. Shangazi zake Wayua wameshachagua vitambaa.

Mheshimiwa, ahadi ya mlevi si ahadi, na aliyemlewesha ndiye mwenye mzigo. Kwa hiyo naomba uwaandikie wazazi wa Wayua, kwa karatasi yenye nembo ya shamba, kwamba siku ile nilikuwa nimelewa kazini. Najua barua hiyo itanifukuzisha kazi chini ya Kanuni ya Tisa. Nimelifikiria hilo. Nikishakosa kazi, wazazi wake watanikataa wenyewe, na hakuna atakayesema niliogopa.

Bila shaka haki itataka waliokula keki wote wafukuzwe, akiwemo Mchungaji, aliyefungashiwa nyingine ya nyumbani. Wewe utabaki peke yako hadi ujifukuze. Naomba radhi mapema.

Nisalimie Mama, watoto, askari wa getini, na wakurugenzi wote, hasa yule aliyecheka zaidi.

Ni mimi, mtiifu na mwenye magoti mepesi,

Eddie Kimanzi
Karani wa Stoo

N.B. Auma wa jikoni kwako amepita kuchukua sabuni akaisoma barua hii bila kuombwa. Amecheka mpaka akakalia gunia. Anasema, “Wewe karani, brandi gani? Mama ameokoka, angekubali hiyo kitu iingie kwa jiko yake? Nililoweka zabibu kwa chai ya rangi na sukari ya kuungua. Mzee tulimwambia ni brandi ndio afurahi.”

Basi sikuwa nimelewa. Maneno yale yote yalikuwa yangu, na nimeyasoma tena hapo juu: sioni hata moja ambalo si kweli, pamoja na la kenge. Tafadhali usiwaandikie wazazi wake. Naomba ruhusa ya Jumamosi, na gari la shamba, maana mbuzi mmoja ni mkubwa.