Bahasha ya Tanga na Bahasha ya Dar

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimemnasa shemeji Haidar! Kaja kutoka Dar kumshawishi dada yake, Khairat, mke wangu, tuhamie kwake Mbagala. Ati Dar maisha ni rahisi kuliko Tanga, na cherehani ya Khairat huko haitakosa kazi. Uongo mtupu! Nikamwambia tupimane. Kila mmoja atie kwenye bahasha fedha za chakula cha wiki moja, sawa kwa sawa, yake ya Dar, yangu ya Tanga. Itakayobaki nene, mji wake ndio rahisi, na huko ndiko tutakakoishi. Kakubali bila kusita. Masikini!

Khairat kasema yeye ameshajua nani ataliwa. Mimi mtaani kwetu Nguvumali sitoki. Hapa nikipita, barazani kote naitwa kwa jina: Ahmada! Dar nitakuwa nani? Nikiwaza tu roho inaniuma.

Jumapili, 3 Agosti

Haidar haondoki! Kasema atabaki kwangu wiki nzima, anichunge nisije nikafanya ujanja. Vizuri sana, na mimi nitamchunga yeye. Bahasha yake imo kwenye mfuko wa shati, naiona. Mchana kala samaki changu wawili wa kupaka. Nimelipa kutoka bahasha ya Tanga, maana changu ni wa Tanga. Haki lazima itendeke.

Jumanne, 5 Agosti

Bahasha yangu inakonda. Haidar anakunywa chai mara tatu kwa siku, na machungwa ya Muheza kamaliza nusu kapu. Lakini yake nene vile vile! Dar kuna siri gani? Khairat kaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia yeye ashone, hesabu aniachie mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Nimepata! Mtaani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Sasa Bi Shemsa wa nyumba ya ghorofa, watu wa asili ya Oman wale, hawezi kurudisha kitu kidogo, ataona aibu. Nimempelekea kaimati nne. Sahani imerudi na biriani ya mbuzi! Kwa kaimati nne! Dar nani atakupa hayo? Nimecheza ukumbini mpaka Khairat akafunga mlango watu wasione. Haidar kala karibu biriani yote, lakini si kitu, ilikuwa ya bure.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa nini sahani moja wakati mtaa una nyumba tele? Leo baada ya magharibi nimepeleka kaimati kila nyumba, hadi kwa Mzee Massoud, muadhini wetu. Nimepita mwenyewe na sinia. Watu wamepokea kwa adabu ya ajabu. Bi Shemsa kafuta machozi, kasema marehemu baba yangu hakuzaa bure. Sijui marehemu baba kaingiaje hapo. Kesho nitakula kama sultani!

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa! Sahani hazikurudi. Wamekuja wenyewe!

Kumbe chakula kikigawiwa mtaa mzima usiku wa kuamkia Ijumaa, watu wanajua ni sadaka ya marehemu, na kesho yake kuna hitima ya kumwombea. Mimi mzaliwa wa hapa hapa nimesahau, sababu ya uroho! Mzee Massoud katangaza msikitini kwamba leo kwa Ahmada anasomewa baba yake. Tena ni sikukuu ya Nane Nane, hakuna aliyekwenda kazini. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nawinda biriani? Na baba yangu, Mpemba yule, alikuwa mtu wa kugawa mpaka shati lake! Nimenunua mchele. Nimenunua mbuzi. Mikeka imefika barabarani. Wamesoma vizuri mno, nimelia kweli kweli. Bahasha ya Tanga imebaki karatasi. Haidar karudia pilau mara tatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya hukumu. Khairat ndiye mwamuzi. Yangu tupu, hilo halikuhitaji miwani. Haidar kafungua yake mbele yetu: haijaguswa! Hata noti moja! Wiki nzima! Nimesimama nikamkumbatia. Jamani, Dar ni pepo ya duniani! Wala hakudanganya, maana hakuondoka machoni pangu hata siku moja. Kila mlo tumekula pamoja, mezani kwangu, mimi mwenyewe shahidi.

Khairat kaniomba nirudie hayo maneno ya mwisho, polepole. Nimerudia, kwa furaha kubwa. Kaingia ndani. Haidar naye kaenda kuangalia kama pilau imebaki.

Jumapili, 10 Agosti

Tunahamia Dar! Nimeshaaga mtaa mzima, na sioni tena uchungu wowote. Lakini mtu makini hapimi mara moja. Binamu yangu Uweso wa Mombasa siku zote anajigamba kwamba kwao ni rahisi kuliko kokote. Nimempigia simu, nimemwambia aje na bahasha yake akae kwangu wiki nzima, tuone. Kafurahi sana! Anakuja kesho na mkewe na watoto wanne, ili kipimo kiwe cha familia.

Khairat kasema yeye hawezi kungoja. Anatangulia leo hii na kaka yake na cherehani yake. Kakata tiketi za basi mbili tu, yangu hakukata. Nimempongeza mbele ya shemeji. Hatimaye mke wangu amejifunza kubana matumizi!