Samaki wa Kunifagilia Mchanga

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa sebuleni. Mke wangu amenunua cherehani kubwa, ile ya kushona makoti na mapazia, na italetwa tarehe 15. Inahitaji mwanga. Mwanga uko dirishani. Dirishani kuna tangi langu la samaki.

Alinieleza kwa upole, kitu kinachonitisha kuliko kelele. Alisema hana ugomvi na samaki, ana ugomvi na mchanga. Tangi likipendeza, yeye atajibana mahali pengine. Lakini kama wateja wake watakuwa wanaingia na kudhani tumefuga matope, basi tangi litahamia stoo, kando ya ngazi na ndoo.

Nikaenda kutazama. Kweli, mchanga umeshika utando wa rangi ya chai. Nikajitetea kwamba hata baharini mchanga una rangi yake. Akasema bahari haiko sebuleni kwake.

Kisha akanikabidhi ule mpira wa kufyonzea uchafu, ukiwa bado ndani ya mfuko wa dukani. Kufyonza mchanga kila wiki, mkono kwenye maji ya chumvi mpaka kwapani! Mimi ni mpima macho. Hii mikono ni ya kazi laini. Lazima kuna njia ya mkato.

Jumanne, 4 Machi

Njia ya mkato ipo, na ina mapezi!

Nilipita kwa Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa lifti. Naye ana tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, kama langu. Tofauti ni kwamba mchanga wake ni mweupe kama unga uliochekechwa. Siku zote nimekuwa nikijifanya sioni. Leo nikainama kabisa, pua kwenye kioo. Ndipo nikamwona.

Samaki mwembamba, urefu wa kidole, mweupe mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Akachota mchanga mdomo mzima. Akautafuna kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu mchanga ukamtoka kwenye matamvua ya kupumulia, pande zote mbili za kichwa, taratibu, safi! Akasogea kidogo. Akachota tena.

Nilisahau kwamba nimekuja kupeleleza. Chai yangu ilipoa. Anatafuta nini humo? Anajuaje hiki chakula, hiki jiwe? Mbona hapaliwi?

Shemeji akasema huyo ni mchuja mchanga, anakula vijidudu vilivyojificha, mchanga anautema. Nikamwambia kumbe hiyo ndiyo siri ya weupe wote huu. Akacheka. Akasema siri ni mpira wa kufyonzea, kila Jumamosi, samaki anasaidia tu.

Mtu anayetaka kubaki na siri yake husema hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka dukani mikono mitupu na heshima imepungua.

Duka la samaki liko uchochoroni nyuma ya posta. Mwenye duka ni mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye wateja wake humwita Bi Maswali. Humchagui samaki kwake, yeye ndiye anayekuchagua wewe.

Ana wachuja mchanga wa aina tatu, na nilikaa mbele yao mapumziko yote ya mchana. Wa kwanza ni Madoa, kama wa Shemeji. Huyu hutema mchanga chini chini, bila fujo. Wa pili nimempa jina la Kichwa Dhahabu: mwili mweupe, kichwa cha manjano, mstari wa buluu shavuni. Mzuri mno! Tatizo, akishachota mchanga hupanda nao juu na kuumwaga kama mvua. Tumbawe lolote lililo chini yake limekwisha.

Wa tatu ni mdogo, na huyo nusura anitoe machozi. Anaishi shimo moja na kamba asiyeona vizuri. Kamba anachimba kutwa nzima, samaki analinda mlango. Kamba akitoka nje, sharubu yake moja haibanduki mgongoni mwa samaki. Hatari ikija, samaki anatikisa mkia, wote wawili chini! Nilitamani kumpima yule kamba nimpatie miwani. Lakini hao hufagia mlangoni kwao tu. Mimi nataka wa kufagia nyumba nzima. Madoa, basi.

Bi Maswali akaanza. Tangi lina umri gani? Nikasema miaka mitatu. (Lina miezi minane.) Lina mfuniko? Lina. (Halina.) Mawe yamekaa juu ya kioo cha chini au juu ya mchanga? Juu ya kioo, mama, mimi si mtoto. (Juu ya mchanga.)

Akapangapanga makopo yake. Halafu, kama mtu anayepiga soga tu, akauliza tena tangi nimeliwasha lini. Nikasema mwaka jana.

“Kaka,” akasema, “tangi lako linarudi utotoni.”

Alikataa kuniuzia. Alisema tangi changa halina vijidudu vya kumshibisha samaki wa namna hiyo. Mtu anayedanganya kuhusu tangi, alisema, anamdanganya samaki. Wateja wawili walisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata! Au tuseme, nusura nimpate.

Leo nilirudi dukani nikiwa mtu mwingine. Kazini niliazima miwani ya fremu nene nyeusi, ndiyo pekee inayofunika nyusi zangu. Nyumbani nilichukua koti la mteja wa mke wangu, lililokuwa linangoja vifungo. Nililishika kwa mkono kifuani. Sauti niliifanya nzito. Majibu niliyakariri njia nzima.

Bi Maswali aliuliza kila kitu, nami nikajibu bila kukwama. Akafurahi. Akasema afadhali leo amepata mteja anayejua mambo, maana juzi alikuja mwongo mmoja wa ajabu. Nikalazimika kukubali kwamba huyo mtu alikuwa mjinga. Akasema tena mjinga sana. Nikasema sana, mama.

Shida ilikuwa moja. Miwani ilikuwa ya mtu asiyeona hata mkono wake. Kwangu duka zima lilikuwa uji. Aliponiuliza nataka yupi, nikaonyesha kidole kwa kujiamini. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema nimewafuga hawa tangu ujana wangu.

Nimevua miwani nikiwa nyumbani, mfuko wa samaki umekwishaingia kwenye maji. Kichwa cha manjano. Mstari wa buluu shavuni.

Loo!

Jumapili, 9 Machi

Nafuta kila neno baya kuhusu Kichwa Dhahabu. Ni mashine! Ameanzia kona ya kushoto na anakwenda kwa mistari kama anayepiga deki. Nyuma yake mchanga mweupe, mbele yake rangi ya chai. Unaona kabisa mpaka wa nchi mbili.

Mke wangu alipita na pini mdomoni, akasimama. Akazitoa pini. Akauliza mbona mchanga haumkabi. Nikasema nami nimejiuliza hivyo tangu Jumanne. Tukavuta viti viwili. Samaki alipopanua mdomo kuelekea kwetu, mke wangu akaona kitu kama meno ya kitana ndani ya koo, akanishika bega nami nione. Mchanga unapita, kidudu kinabaki! Hatujawahi kukaa mbele ya tangi pamoja namna ile. Nguo ya mtu iliungua kidogo kwa pasi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya mchanga. Tumbawe langu la mikunjo kama ubongo, fahari yangu, limezikwa hai. Nililipepea kwa mkono mpaka likafunuka. Nilipokwenda kujifuta, Kichwa Dhahabu alikuwa juu yake anamwaga mzigo mwingine.

Mbinu: nikalijengea paa kwa chujio la chai. Likajaa kama sinia ya mchele, likalala upande, likamwaga vyote kwa mkupuo mmoja. Mbinu ya pili: nikalihamisha tumbawe kona ya pili. Yeye naye akahamia kona ya pili.

Mke wangu akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ushonaji, kama kufyonza kwa mpira kungechukua muda mrefu kuliko huu. Nilijifanya sijasikia.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya.

Nilikuwa nampima mteja mke wangu aliponipigia simu. Alisema tangi limeguna, halafu mawe yote yameanguka. Nikamwacha mteja kidevu kikiwa kwenye kifaa, nikakimbia.

Kioo kilikuwa kizima. Ila ndani ilikuwa kama jengo lililobomoka: jiwe juu ya jiwe, maji meupe kama maziwa. Kichwa Dhahabu alikuwa amechimba chini ya jiwe lile kubwa mpaka likakosa pa kukaa. Na yeye haonekani! Nikapiga magoti, nikapapasa sakafu, nyuma ya pazia, ndani ya kapu la vitambaa, maana tangi halina mfuniko na samaki hawa huruka. Sikumpata. Nikaketi chini pale pale. Nilimleta anifanyie kazi, na kazi ndiyo iliyomuua.

Mke wangu alikunja mikono ya gauni, akaingiza mikono yote miwili mpaka kwapani, akawa anainua jiwe moja moja. Chini ya la mwisho mchanga ukatikisika. Kichwa cha manjano kikatokeza. Kikatutazama. Kikachota mchanga.

Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akagonga ukuta. Mke wangu hakupiga. Alisogea karibu na kioo.

“Tumbo lake limebonyea,” akasema. “Huyu ana njaa.”

Nikamwambia haiwezekani, anakula kutwa. Akasema anachota kutwa, kula ni kitu kingine. Mchanga umeshakuwa safi, sasa ndani yake kumebaki nini cha kuliwa?

Akampigia Bi Maswali simu, kwa namba ya kwenye mfuko wa dukani, na kumweleza kila kitu, umri wa tangi, mawe, mfuniko, huku mimi nikimkonyeza bure. Bi Maswali hakufoka. Akasema tuyakalishe mawe juu ya kioo, tufunike tangi kwa wavu, na samaki apewe kamba wadogo wadogo waliogandishwa kwa bomba jembamba, karibu na mchanga, mara tatu kwa siku. Mwisho akauliza kama yeye ndiye mke wa yule bwana wa koti lisilo na vifungo.

Mke wangu akageuka polepole. “Koti gani?”

Jumamosi, 15 Machi

Cherehani imefika. Uamuzi umetolewa.

Samaki anayelishwa mara tatu kwa siku hawezi kukaa stoo, na anayeshinda nyumbani kumlisha si mimi. Kwa hiyo tangi linabaki dirishani. Cherehani nayo inakaa dirishani. Kilichohamia stoo ni kiti changu cha kuegemea.

Shemeji alikuja kukibeba. Alinisaidia kupanga mawe upya, yakakaa imara juu ya kioo, na wavu ukafungwa. Akasema, “Shem, si ungeniuliza tu?” Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

Kichwa Dhahabu ameshajua mkono wa mke wangu. Akiona bomba, anakuja mwenyewe. Tumbo limeanza kujaa. Mke wangu anaendesha cherehani kwa mguu mmoja na kumchungulia kwa jicho moja, na kila baada ya muda ananiita nije nione kitu. Naenda mbio.

Kazi ya mpira wa kufyonzea ni yangu, kila Jumamosi. Leo nimelowa mpaka shingoni.

Jumapili, 16 Machi

Kioo cha tangi kimeanza kuota ukijani. Mke wangu amesema kuna sifongo, nipanguse.

Nimesoma kidogo. Kumbe yupo mnyama wa baharini, mviringo kama mpira, miiba mwili mzima, ambaye hutembea juu ya kioo na kukwangua ukijani kutwa kucha bila kuchoka! Anatembeaje na miiba? Mdomo wake uko chini, una meno matano. Matano! Wanaonya jambo moja dogo tu, kwamba chochote kisichogundishwa hukibeba mgongoni na kuzunguka nacho. Matumbawe yangu hayajagundishwa.

Bi Maswali atauliza. Nimeanza mazoezi bafuni, mbele ya kioo: yamegundishwa, mama, yote, moja moja, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimejitazama vizuri. Naaminika kabisa.