Kesi Yangu Msimu wa Kulungu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekamatwa. Mimi, Leland Vosika! Miaka kumi na moja naendesha lile gari kuukuu la zimamoto kwenye gwaride la Krismasi, na Baba Krismasi juu, sijakwaruza hata sanduku la barua.

Na kosa langu ni wema. Nilimpita askari amejificha nyuma ya ghala la mahindi, kwa mwendo wa kistaarabu kabisa. Kwa hiyo njia ya mbele ilikuwa nyeupe. Nikakanyaga mafuta. Gari likatokea upande wa pili, nami, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri katika kaunti hii, nikamwashia taa mara mbili kumwonya kwamba mbele kuna askari. Mwenzangu akajibu kwa taa nyekundu na bluu.

Ni askari mpya, dada mmoja anaitwa Reinke. Alinishukuru kwa taarifa. Alisema anajua mwenzake yuko wapi. Kisha akaniandikia mwendo kasi.

Norbert asijue! Huyu ni kaka wa mke wangu, na anaumezea mate usukani wangu tangu siku ya harusi. Mkuu wa zimamoto, Laddie Hruska, ana sheria moja tu: dereva wa gwaride awe na rekodi safi.

Jumatano, 5 Novemba

Karatasi ya kesi imefuliwa. Ilikuwa mfukoni mwa suruali. Mke wangu, Darlene, anasema aliolewa na mimi, hakuolewa na mifuko yangu.

Nikaenda mahakama ya kaunti kumwuliza karani, Verla, kama kesi ipo hata kama karatasi haipo. Ipo. Aliandika jina langu tu, ikaja. Nilisikitika.

Verla akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Nikiri, nilipe, nikae darasa la udereva Jumamosi moja, na kosa linafutwa. Au nikatae, nipangiwe siku ya kubishana na askari mbele ya hakimu. Askari asipofika, kesi inakufa.

Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kalenda ya muuza mbegu. Kuanzia tarehe 15, picha ya kulungu. Msimu wa kuwinda kwa bunduki! Wiki hiyo hapa kwetu kila mtu yuko porini, askari pia, hata maiti hungoja. Nikaomba Jumanne tarehe 18. Verla akaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika hivi maishani. Eti nikakae darasani na watoto wa sekondari! Na akili yote hii?

Ijumaa, 7 Novemba

Kumbe kesi zote zimo kwenye tovuti ya mahakama. Unaandika jina tu, kaunti nzima iko uchi. Niliangalia yangu. Tarehe 18, safi. Halafu, bila nia mbaya yoyote, nikaandika Norbert Pelc.

Mwendo kasi! Mwezi wa tisa! Nilicheka mpaka mbwa akatoka nje.

Jumamosi, 8 Novemba

Karamu ya zimamoto. Maharage ya nyama na pilipili, na mikate ya mdalasini ya kuchovyea. Nilingoja Laddie akae karibu na Norbert. Kisha nikasema, kwa sauti ya huruma, kwamba inauma kuona mtu wa familia na kesi mahakamani.

Norbert hakuacha hata kutafuna. Alisema, “Shemeji, mimi nilikiri siku ileile, nikaenda darasani, ikafutwa. Hukusoma mpaka chini?” Sikusoma mpaka chini. Halafu akauliza, kwa upole ambao sitamsamehe, nilikuwa nasaka nini kwenye tovuti ya mahakama.

Ikanibidi niseme: kesi yangu. Darlene akaniongezea maharage, jambo ambalo hufanya akinionea huruma. Laddie akafuta masharubu. Akasema nikishinda kesi, usukani wangu. Nikishindwa, Norbert.

Si kitu. Kulungu wako upande wangu.

Jumanne, 18 Novemba

Asubuhi njema kuliko zote. Mji mtupu. Kinyozi amefunga. Mkahawani, mpishi tu na nzi. Pikapu zote ziko porini. Niliingia mahakamani napiga mluzi.

Askari Reinke alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Kumbe hawindi. Alijitolea kushika zamu zote za wiki ili wenzake waende. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza kama nimekuja kuonya mtu.

Lakini yeye hakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa hakimu. Aliingia na joho juu ya mabuti ya matope, kofia ya uwindaji ya rangi ya chungwa bado kichwani. Akasema tangu mapambazuko yuko juu ya mti, na dume mwenye pembe kama kiti cha kubembea alikuwa anamjia polepole, ndipo simu ikamkumbusha kwamba ana kesi leo. Kesi moja. Katika wiki nzima, moja. Akauliza ni nani aliyechagua tarehe hii.

Verla alininyooshea kalamu bila kuinua macho.

Nilijitetea dakika nyingi. Nilitaja wema, ujirani na marehemu mama yangu. Hakimu alikuwa anatazama dirishani. Hatia. Faini, gharama, pointi kwenye leseni. Nikauliza, basi lile darasa? Akasema nililikataa mwenyewe nilipoomba kubishana. Kabla sijafika mlangoni alishanipita mbio.

Jumamosi, 29 Novemba

Gwaride. Baba Krismasi wetu wa kila mwaka ameanguka kutoka juu ya mti akivizia kulungu, mgongo haukunjiki. Joho lake linanitosha mimi tu. Kwa hiyo nilikaa juu, na chini yangu, kwenye kiti changu, Norbert. Aliingiza gia kama anayevunja mifupa. Niliumia, nasema kweli.

Mbele ya mahakama, gari likazimika. Likakohoa, kimya. Norbert akageuza shingo kunitazama, jasho linamtoka kwenye baridi ile, akaninong'oneza, “Shemeji, choki inavutwa au inasukumwa?”

Nilimwacha achemke kidogo. Kisha nikamwambia avute nusu, ahesabu mpaka tatu. Likanguruma! Watoto wakashangilia, na ndevu zile za pamba zilificha machozi yangu vizuri sana.

Jumapili, 30 Novemba

Natoka kanisani. Askari nyuma ya ghala la mahindi, palepale. Nikampita kistaarabu. Njia ya mbele nyeupe. Nikakanyaga. Gari likatokea upande wa pili. Sasa ningefanyaje, ninyamaze kama mtu asiye na kwao? Nikawasha taa mara mbili.

Reinke alinisalimia kwa jina.

Lakini safari hii nilitumia kichwa. Alipokuwa anaandika nikamwuliza, kama mazungumzo tu, ikiwa kweli hawindi kabisa. Akasema hapana, yeye huvua samaki. Anangoja kwa hamu bwawa ligande Januari, atoboe barafu.

Nilikaza uso nisicheke. Kumbe mpango wangu haukuwa na kasoro, nilikosea mnyama tu. Kesho mahakama ikifunguliwa niko kwa Verla, kuomba tarehe ya Januari.