Shikamoo ya Mzee Masele

Jumatatu, 8 Juni
Mzee Masele wa Kigongo amekataa posa yangu. Selina, binti yake, kanipigia simu akilia. Sababu ni filamu yetu. Mzee ameiona kwenye simu ya mjukuu wake, ile ambayo mimi ni mwizi wa ng'ombe. Amesema mtu anayejua kumfungua ng'ombe kimya kimya namna ile hakujifunzia kwenye filamu, na yeye ana ng'ombe arobaini.

Nimesikitika. Lakini jamani, sifa gani hiyo! Miaka kumi na nne ya jukwaa na kamera, nimekuwa hakimu, padri, bibi kizee, maiti mara mbili, na hakuna aliyewahi kunisifu kiasi hiki. Nilimwomba Selina arudie maneno ya baba yake polepole niyaandike. Akakata simu.

Baadaye akatuma ujumbe. Nafasi imebaki moja: Jumamosi aje mzee wa ukoo wangu aniposee. Asipokuja, Jumapili anapokewa mshenga wa mwalimu Nathaniel. Nampenda Selina. Bila yeye hata makofi hayana utamu.

Jumatano, 10 Juni
Baba alishafariki, kwa hiyo mzee wa ukoo ni baba mkubwa Yakobo, wa Busisi. Nimempigia. Goti limevimba, hatoki. Sawa. Hata angekuja, baba mkubwa huongea maneno manne kwa siku. Nina mpango. Nitakwenda mwenyewe, nikiwa baba mkubwa Yakobo.

Alhamisi, 11 Juni
Hellen, mtunza mavazi wa kikundi chetu cha maigizo cha Pasiansi, ameniazima mkongojo na ndevu nyeupe za nabii wa mchezo wa Pasaka. Otuoma, ambaye naye anajiita mwigizaji, kasema mzee wangu anatembea kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu. Wivu tu. Nimekwenda kujipima stendi ya Nyegezi. Muuza karanga kanipa shikamoo. Wapiga debe wawili, shikamoo. Askari polisi, shikamoo. Nimerudi nyumbani nikiwa na miaka themanini kamili.

Jumamosi, 13 Juni
Haijawahi kutokea katika sanaa ya Kanda ya Ziwa. Mzee Masele, miaka sitini na saba, alisimama mbele ya ndugu zake wote, akainamisha kichwa, akanipa shikamoo. Nikaitika marahaba. Nzito, ya kifuani, na kikohozi kidogo mwishoni.

Nikamweleza kuhusu Revocatus, yaani mimi, kwa saa nzima. Mpole. Mcha Mungu. Hajawahi kugusa hata mkia wa ng'ombe wa mtu. Nilipofika kwenye utoto wake nikalia machozi ya kweli. Posa imepokelewa!

Ningeondoka hapo hapo. Lakini Bibi Bernadeta, dada mkubwa wa mzee, mjane, aliniletea maziwa mgando, akauliza kama mke wangu yu hai. Nikashusha pumzi ndefu tu, ili nafasi isipotee bure. Akaniongezea maziwa. Selina alikuwa amenikazia macho kutoka mlango wa jiko. Nadhani alinitambua. Nadhani hakufurahi.

Jumatatu, 15 Juni
Goti la baba mkubwa limepona. Hakuniambia. Leo asubuhi kavuka daraja kutoka Busisi, kaenda moja kwa moja kwa Mzee Masele kuomba radhi kwa kuchelewa, kajitambulisha kuwa ndiye Yakobo. Bibi Bernadeta kamuuliza yule mwenzake mwenye ndevu yuko wapi. Nimeitwa kesho, nije na uso wangu.

Jumanne, 16 Juni
Nilijiandaa kutetea ndevu. Nilijiandaa kutetea uongo. Mzee Masele hakugusia hata kimoja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alinipa shikamoo, nami nikaitika. Wazee wote wakatazama chini. Nimeona aibu, naandika ukweli. Selina alilia tena, na mara hii kwa sababu yangu.

Wazee wameamua niirudishe ile shikamoo. Kuanzia kesho, asubuhi saba, nichuchumae mlangoni nimsalimie Mzee Masele, kisha niwapeleke ng'ombe wake ziwani kunywa maji. Akiitika, Selina ni wangu. Zikiisha zote saba hajaitika, ni wa mwalimu Nathaniel.

Jumanne, 23 Juni
Asubuhi sita alinipita kama anapita kigogo. Leo ya saba. Nilichuchumaa, nikasema shikamoo baba, kwa sauti yangu, bila mbwembwe yoyote. Akahesabu ng'ombe kwanza. Arobaini. Ndipo akaitika marahaba. Selina akacheka kule jikoni mpaka nikamsikia. Harusi ni Agosti!

Tatizo ni moja. Anayetoa nasaha ukumbini kwa niaba ya ukoo wetu ni baba mkubwa Yakobo, na maneno yake ni yale manne. Bibi Bernadeta mwenyewe amekiri kuwa yule mwenye ndevu alikuwa anaongea vizuri zaidi. Nimeshamwambia Hellen asimwazime mtu zile ndevu. Nafasi ya bwana harusi haina maneno mengi. Hata Otuoma ataiweza.